Barabara ya Pugu na Fomula ya Shamba na Mji

Ukisoma uhakiki wa riwaya za Kiswahili unaoandikwa na sisi wanafunzi (na, wasamehe, baadhi ya walimu wetu pia), utakutana na fomula moja isiyochoka. Kijana anatoka shamba. Anapanda basi. Anafika mjini. Mji unamharibu, au unamfungua macho, inategemea mhakiki ni wa mrengo gani. Ben Mtobwa alipotoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990 fomula ikapata chakula kingi. Hata Kichwamaji ya Kezilahabi (1974), ambayo msomi wake Kazimoto anatoka Chuo Kikuu kurudi Ukerewe, husomwa kwa fomula ileile iliyogeuzwa kichwa chini: elimu iko mjini, kijiji kinaisubiri. Kwa vyovyote vile barabara yenyewe haina kazi ila kumbeba mtu. Hakuna anayeiangalia.

Makala haya yanataka kuiangalia barabara moja, ya lami na vumbi, ambayo kila mmoja wetu amepita angalau sehemu yake akienda uwanja wa ndege kumpokea mjomba. Nazungumzia Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wa mjini bado wanaiita Pugu Road. Inaanzia Gerezani, pale Kamata, inapita TAZARA, Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto, inapanda vilima vya Pugu, na kutoka hapo inaendelea hadi Kisarawe. Nadai kwamba historia ya barabara hii inaivunja fomula yetu vipande viwili, kwa sababu kwa miaka mingi elimu ilikuwa upande wa msituni, na aliyeitaka alilazimika kuupa mji kisogo.

Tuanze na majina, maana majina ndiyo maandishi ya kwanza ya mtaa wowote. Dar es Salaam ni mji unaopenda kufuta na kuandika upya. Kichwele ikawa Uhuru. New Street, pale TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikawa Lumumba. Acacia Avenue ikawa Independence, kisha Samora. Mwaka 2013 Ocean Road ikawa Barack Obama Drive, na sisi tulio karibu na bahari tukabaki tunajiuliza bahari imekosa nini. Mitaa mingine imepata bahati ya kuingia vitabuni: M. G. Vassanji ana mkusanyiko mzima wa hadithi fupi uitwao Uhuru Street (1991), na humo Wahindi wenye maduka wanaishi, wanafilisika na kuhama. Kitabu cha namna hiyo juu ya Pugu Road mimi bado sijakikuta. Pengine ni kwa sababu si mtaa wa kukaa, ni mtaa wa kupita. Lakini mbona safari ndiyo malighafi ya zamani kuliko zote katika masimulizi?

Mwanzo wake kwa kweli hauvutii sana. Kamata ni jina lililobaki baada ya kampuni ya mabasi ya KAMATA. Kampuni ilikufa, kituo kikaendelea kuitwa hivyo, na leo kijana anasema "nishushe Kamata" bila kujua anataja marehemu. Kisha maghala na viwanda, kimoja baada ya kingine. Kisha stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Jengo lenyewe ni pana na limetulia kama mzee aliyestaafu anayeangalia magari yakipita. Hapo ndipo Barabara ya Nyerere inapokatana na Barabara ya Mandela, na tangu Septemba 2018 juu yake limekaa daraja la Mfugale. Mwandishi wa riwaya angeona haya kuwakutanisha Nyerere na Mandela kwenye makutano ya barabara. Mipango miji haina haya hiyo.

Baada ya uwanja wa ndege mambo yanabadilika. Ukonga kuna gereza. Gongo la Mboto kuna kambi ya jeshi, na wakazi wake hawajasahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka ghalani, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu wakakimbia wasijue wanakokimbilia. Wengi walikimbia kwa kufuata barabara hii hii. Kutoka hapo kuna mnada wa ng'ombe wa Pugu. Mifugo ya bara huishia hapo kabla ya kupelekwa machinjioni. Kisha Pugu Kajiungeni, jina ambalo kwa sikio langu ni amri: nendeni mkajiunge. Hapo njia zinaachana, moja kwenda Chanika na nyingine Kisarawe.

Sasa ndugu msomaji tusimame hapa vilimani, maana hapa ndipo penye kisa.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na tangu siku ya kwanza ulihitaji kula. Chakula kilitoka Uzaramo, yaani nchi hii tunayoipita. Mwaka 1877 Mskoti mmoja tajiri wa meli, William Mackinnon, alianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Uzaramo akilenga Ziwa Nyasa. Hakufika. Mwaka 1881 kazi iliachwa, na pori likarudisha mali yake. Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walijenga misheni yao Pugu, nje ya mji. Januari 1889, katika vita ambavyo vitabu huvihusisha na jina la Abushiri, misheni ikavamiwa na kuchomwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa na wengine wakatekwa. Waliosalia walirudi mjini. Kwa hiyo jaribio la kwanza la Ukristo wa kusoma na kuandika katika vilima hivi lilidumu karibu mwaka mmoja tu. Walutheri walifika Kisarawe mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaendelea hadi Maneromango. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ikipita vilima hivihivi.

Lakini tukio ninaloliona kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi lilitokea mwaka 1925. Mwaka huo chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe. Wanafunzi wa historia huliona hili kama habari ya misheni ya UMCA kubadilisha anwani. Sisi wa fasihi hatuna ruhusa ya kulichukulia kirahisi hivyo. Kiungani ndiko walikosomeshwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 kilichapishwa kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana wa shule hiyo walisimulia wenyewe jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na walivyofika. A. C. Madan alivitafsiri visa hivyo kwa Kiingereza, na ni Madan huyuhuyu ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1903. Yaani tunapotafuta mizizi ya tawasifu katika sehemu hii ya Afrika, mmoja wa mizizi hiyo unaanzia kwenye madawati ya Kiungani. Na madawati hayo, kwa maana ya taasisi na mila yake, yalivuka bahari, yakapita Dar es Salaam bila kusimama, yakapandishwa vilimani na kuwekwa Minaki. Mji ulikuwepo. Bandari ilikuwepo. Wakachagua porini.

Sababu zao zinaeleweka. Wamisionari waliuogopa mji kama wanavyouogopa wahakiki wetu. Waliona kwamba kijana akikaa karibu na soko, sinema na ngoma hasomi. Hapo utaona fomula ya shamba na mji ilikuwa sera ya elimu kabla haijawa mada ya insha zetu. Wakatoliki nao walirudi Pugu na kujenga Chuo cha Mtakatifu Fransisko, nacho kikawa miongoni mwa shule kubwa za sekondari za nchi. Ikatokea kwamba kijana wa Masasi au wa Musoma aliyetaka kuwa mtu alishuka Dar es Salaam, akauangalia mji kwa siku moja au mbili, kisha akageuka akaelekea porini kwa Barabara ya Pugu. Benjamin Mkapa, kijana wa Lupaso, alisoma Pugu kabla ya kwenda Makerere mwaka 1957.

Na mwaka 1953 alikuja kufundisha Pugu mwalimu mmoja mwenye shahada ya Edinburgh, Julius Kambarage Nyerere. Aprili mwaka huohuo alichaguliwa rais wa Tanganyika African Association, ambayo makao yake yalikuwa New Street. Hesabu mwenyewe: kazi iko Pugu, siasa iko Kariakoo, katikati kuna kilomita zipatazo 20. Inasimuliwa mpaka leo kwamba kuna siku alizitembea kwa miguu. Wengine husema baiskeli, wengine husema alipewa lifti. Mimi sioni haja ya kuamua, maana katika fasihi simulizi toleo linalodumu ndilo lenye kazi, na lililodumu ni la miguu. Watu walitaka kiongozi wao awe ametembea. Kilichothibitika kinatosha: kwa miaka miwili mwalimu huyu alikuwa akishuka na kupanda kati ya darasa la vilimani na vikao vya mjini, na TANU ikazaliwa katikati ya mwendo huo. Machi 1955, baada ya kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, aliambiwa achague. Akaacha ualimu. Lakini jina la Mwalimu alishuka nalo kutoka Pugu, halikumtoka tena, na baadaye alipenda kueleza kwamba ualimu aliuchagua ila siasa ilimtokea tu.

Hebu sasa weka kisa hiki katika fomula yetu. Nani kaharibiwa na mji hapa? Nani kafunguliwa macho? Shamba na mji vilihitajiana: darasa la Pugu bila New Street lingezalisha makarani na mapadri wazuri, na New Street bila darasa ilikuwa imeshakaa miaka mingi na chama cha kuandika barua za malalamiko. Kilichofanya kazi ni barabara, kile kitendo cha kwenda na kurudi. Na tusisahau kwamba mtu huyo ndiye baadaye aliyetupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, kwa hiyo hata historia ya tafsiri ya Kiswahili ina mtu aliyepita hapa.

Ningeishia hapo, makala yangekuwa matamu na yangempendeza kila mtu. Bahati mbaya kuna swali ambalo vilima hivi vinauliza, nalo ni hili: Wazaramo wako wapi katika kisa hiki?

Pugu na Minaki zilikuwa shule za bweni za misheni. Wazaramo waliozunguka shule hizo wengi wao walikuwa Waislamu, na mzazi Mwislamu wa zama hizo alikuwa na sababu zake za kuogopa kumpeleka mwanawe mahali ambapo elimu na ubatizo vilikaa kwenye meza moja. Matokeo yake ni kwamba ardhi yao ilibeba shule, na waliosoma humo wengi walitoka mbali. Mzaramo alijua ratiba ya kengele ya Minaki bila kuwa na mtoto anayeitikia kengele hiyo. Yeye alipita barabarani kwa shughuli nyingine: muhogo, mkaa, kuni, machungwa, minazi. Ukipenda kuliona suala la elimu ya Waislamu wa pwani, ambalo katika nchi hii linaweza kuwasha moto kwenye meza ya chai, hapa unaliona kwa macho bila hotuba ya mtu yeyote.

Na si kwamba Wazaramo hawakuwa na historia ya kuandikiwa. Sisi wote tumesoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tumejibu maswali ya mtihani juu yake, na tumebaki tukiamini kwamba Maji Maji ni habari ya Rufiji, Matumbi na Ungoni. Uzaramo nao uliinuka mwaka 1905. Jumbe Kibasila wa Kisangire aliupinga mpango wa Wajerumani wa kulazimisha watu kulima pamba, na akanyongwa kwa sababu ya vita hivyo. Leo jina lake liko kwenye shule ya sekondari mjini, upande wa Chang'ombe, na nawauliza wenzangu waliosoma hapo: mlifundishwa alikuwa nani? Tamthilia ya Kibasila ingekuwa na kila kitu ambacho mwalimu wa drama anakitaka, pamoja na mshtakiwa anayekataa zao la biashara mbele ya dola. Tumempa jina la shule, tukaona deni limekwisha.

Isitoshe Wazaramo wameiandika barabara kwa namna yao, ila sisi hatuihesabu kuwa ni maandishi. Nazungumzia mdundiko. Mdundiko si ngoma ya kukaa uwanjani ikisubiri watazamaji. Inatembea. Ngoma zinapigwa huku watu wakienda, kila nyumba inayopitwa inatoa mtu mmoja au watatu, msafara unanenepa, na wazazi wa Dar es Salaam wanajua mtoto aliyepotea jioni atafutwe wapi: kafuata mdundiko. Tunapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba fasihi simulizi inahitaji fanani, hadhira na mahali, mdundiko unaicheka dhana ya mahali. Mahali ni njia. Hadhira hugeuka fanani kwa kutembea hatua kumi tu. Nionavyo mimi, hii ndiyo nadharia bora ya barabara iliyowahi kutolewa katika eneo hili, na haikuandikwa Minaki.

Upande wa pili wa vilima, kwa Barabara ya Morogoro, kuna Kibaha, na haitakuwa haki kuiacha, maana Kibaha ni jibu la Uhuru kwa Kisarawe. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha huko mradi wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo kwa wakulima, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania, na leo tunaujua kama Shirika la Elimu Kibaha. Angalia tofauti: shule haikujitenga na mwanakijiji, iliwekwa pamoja na zahanati na shamba la kujifunzia, na haikumwuliza mtoto dini yake. Lakini angalia na mfanano: bado waliiweka nje ya mji! Serikali ya Waafrika, iliyowaondoa wakoloni, ilirithi ile hofu ya wamisionari kwamba mji na kitabu haviivi chungu kimoja. Jakaya Kikwete alisoma Kibaha kuanzia mwaka 1966. Ukiunganisha na Pugu, unapata mwalimu mmoja na wanafunzi wawili waliokuja kuwa marais, wote wametokea kwenye shule za kando ya barabara mbili zinazotoka Dar es Salaam. Hata Chuo Kikuu chetu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, katikati kabisa ya mji, hakikukaa. Mwaka 1964 kilipandishwa mlimani. Tupo hapa juu mpaka leo, tunaandika insha kuhusu ubaya wa mji tunaouona kwa mbali usiku ukiwaka taa.

Nirudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye mgogoro wangu. Kuiita barabara hii Nyerere ni halali kuliko majina mengi tuliyobandika mjini. Hakuna aliyeipita kwa maana kubwa zaidi. Ila jina Pugu lilikuwa linafanya kazi nyingine. Jina la zamani lilikuambia barabara inakwenda wapi. Jina jipya linakuambia nani alipita. La kwanza linakupa mwendo, la pili linakupa sanamu. Na lilipotoka Pugu, likatoka pamoja na nchi ya watu waliouza muhogo kando yake, kwa sababu Pugu lilikuwa neno la Uzaramo lililoandikwa kwenye vibao vya katikati ya mji. Najua mtu atasema: kijana, jina la Baba wa Taifa unalilalamikia? Silalamikii. Nasema tu kwamba heshima kwa msafiri haikulazimu kufuta alikokuwa anakwenda.

Kinachonifurahisha ni kwamba wenye barabara hawajakubali kabisa. Makonda hawaiti "Nyerere". Wanaita "Gombo! Pugu! Chanika!", wanaita mwisho wa safari. Na tangu Juni 2024, treni ya umeme ya SGR ikiondoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, stesheni inayofuata kibaoni, kwa herufi kubwa, ni Pugu.